Mtoto akisema 0.125 ni kubwa kuliko 0.3, usikimbilie kumjazia masifuri

Nimefundisha watoto hesabu za tuisheni miaka kadhaa sasa na kama kuna kitu kimeninyoosha ni desimali. Sio kujumlisha wala kuzidisha, huko wanaenda tu, ni hiki kiswali kinachoonekana chepesi: kati ya 0.3 na 0.125 ipi kubwa? Mtoto anakuangalia kama vile unamtania, anajibu 0.125, ukimuuliza kwa nini anakwambia "ticha, si mia moja ishirini na tano ni kubwa kuliko tatu?" Na ukikaa ukafikiria unaona ana hoja, maana kwenye namba nzima alizosoma miaka yote yenye tarakimu nyingi ndo kubwa, sasa nani kamwambia kwamba baada ya nukta mambo yamebadilika?

Zamani nilikuwa na dawa yangu ya haraka. Jaza masifuri nyuma mpaka tarakimu zilingane, 0.3 inakuwa 0.300, linganisha 300 na 125, kwisha. Wanapata vema zote mpaka raha. Siku moja nikamchorea binti mmoja hivi, tena wa kupata zote, mstari wa namba kutoka 0 hadi 1 nikamwambia aniwekee 0.3 na 0.125. 0.3 akaibana pale kwenye sifuri, 0.125 akaitupa huko mbele ya 1, nje kabisa ya mstari. Nilichoka. Kumbe muda wote alikuwa analinganisha namba nzima tu, na mimi na masifuri yangu ndo nilikuwa namsaidia kuficha.

Af kuna wengine wana ugonjwa wa upande wa pili. Hawa watakwambia 0.4 ni kubwa kuliko 0.83, kwa sababu walisikia sehemu za mia ni ndogo kuliko sehemu za kumi, basi wakabeba hiyohiyo, namba fupi ndo kubwa. Huyu swali la 0.3 na 0.125 atalipata! Na yule wa kwanza atapata 0.75 na 0.5. Kwa hiyo kabla hujafundisha chochote mpe maswali yote mawili, 0.3 na 0.125, halafu 0.4 na 0.83, na umuulize amejuaje. Jibu lenyewe halikwambii kitu, maelezo yake ndo yanakwambia.

Kilichonisaidia mimi ni ukanda wa karatasi wa mita moja, unaunga karatasi na gundi tu. Ukanda mzima ndo 1. Wanaugawa vipande kumi sawasawa, kila kimoja ni 0.1, halafu kipande kimoja wanakigawa tena kumi (hapo ni sentimita, 0.01) na sentimita moja wanaigawa kumi, milimita, 0.001. Sasa mwambie akuonyeshe 0.125: kipande kimoja, sentimita mbili, milimita tano. Halafu 0.3: vipande vitatu. Hapo huna haja ya kuongea, anaona kwa macho kwamba ile 5 aliyokuwa anaiogopa ni vimilimita vitano tu. Masifuri mfundishe baada ya hapo, sio kabla, na hata hivyo anaelewa mwenyewe kwamba 0.3 na 0.300 ni urefu uleule.

Na jamani tuache kusoma "sifuri pointi mia moja ishirini na tano". Ni sisi wakubwa tunaowaharibu. Sema moja mbili tano.

Mifano ya michezo wanaipenda ila kuwa makini. Berlin 2009 Usain Bolt alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.58, Tyson Gay 9.71, na mtoto anachanganya "mshindi" na "namba kubwa". Mimi naanza na kuruka, ambako kubwa ndo inashinda: Bob Beamon 1968 aliruka mita 8.90, Mike Powell 1991 akaruka 8.95. Naiandika ya Beamon 8.9 makusudi, nione nani ananasa.

Kupanga nawapa tano kwa mpigo: 0.5, 0.45, 0.405, 0.54, 0.054. Waziandike wima, nukta chini ya nukta, waanze kushoto, wakikuta tofauti wanasimama hapohapo.

Kipimo changu cha mwisho ni hiki, mwambie ataje namba zilizo kati ya 0.3 na 0.4 kwa mpangilio. Ataanza 0.31, 0.32, anateleza vizuri mpaka 0.39. Akiandika 0.391 mwache aendelee. Akiandika 0.310, usimkatie, mpe ukanda akuonyeshe iko wapi, ataikuta imekaa palepale pa 0.31 aliyoanza nayo.