Tangi la Lita 30,800: Swali Nililolikosa na Lililonifundisha Kusoma Maswali

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa binti wa Kidato cha Tatu anayesoma upande wa Makambako. Ameandika hivi: “Shikamoo kaka. Kanuni zote nimezishika, hata ukiniamsha usiku wa manane ninakutajia. Lakini mwalimu akibadilisha swali kidogo tu ninakwama, na si Hisabati peke yake, Fizikia na Kemia nako ni hivyo hivyo. Je, mimi sina kipaji?” Chini ya ujumbe ameambatanisha swali moja la Fizikia lililomshinda.

Marahaba, mdogo wangu. Nimeyasoma maneno yako mara tatu, kwa sababu ningeweza kuyaandika mimi mwenyewe mwaka 2004 nilipokuwa Kidato cha Pili hapa Mbeya. Nitakujibu kwa urefu, na ninaomba univumilie nianze na habari zangu, maana ushauri wenyewe ni mfupi na usipojua ulikotoka utauona ni mwepesi kuliko ulivyo.

Nilizaliwa Kyela na nikasoma shule ya msingi huko. Tulifundishwa Hisabati kwa Kiswahili, na nilikuwa miongoni mwa watoto wanaoitwa ubaoni kuwaonyesha wenzao. Ujazo niliujua, mzingo niliujua, KDS na KKS (kigawe kidogo na kigawo kikubwa cha shirika) nilizifanya bila kusita. Kisha tukahamia Uyole, hapa Mbeya, mama akaanza kupika na kuuza chakula, nami nikaingia sekondari, ambako karibu kila somo lilifundishwa kwa Kiingereza. Ndani ya miezi michache nikageuka kuwa mtu wa kukariri. Kwa kuwa sikuelewa swali linataka nini, nilitafuta namba zilizomo, nikachagua kanuni iliyofanana nazo, nikazitumbukiza humo na kukokotoa. Mara nyingine jibu lilipatikana, na hilo ndilo lililoniharibu zaidi, kwa sababu nilidhani ninajua.

Siku ya kuumbuka ilifika katika jaribio la katikati ya muhula. Swali lilikuwa la tangi la maji lenye umbo la mcheduara, yaani kama pipa, nusu kipenyo chake sentimita 70, kimo chake mita 2, nasi tulitakiwa kutafuta ujazo kwa lita tukichukua pai kuwa 22/7. Niliandika 22/7 × 70 × 70 × 2, nikapata 30,800, nikaweka neno “lita” mbele yake na kupiga mstari chini kwa rula. Niliona fahari hata kwa ule mstari. Mwalimu aliporudisha karatasi aliishika ya kwangu, akalisoma jibu kwa sauti mbele ya darasa zima, akasema kwamba mwanafunzi wa namna hii hatafika popote na kwamba anapoteza ada ya mama yake. Darasa lilicheka. Hakuonyesha nilipokosea. Aliiweka karatasi juu ya dawati langu akaendelea na mada nyingine.

Nimekuwa mtu mzima, nina watoto, na bado ninakumbuka pembe ya karatasi ile ilivyokunjwa. Sisemi hivyo ili nihurumiwe. Ninasema kwa sababu najua wasomaji wengi wa ukurasa huu wana karatasi yao ya namna hiyo, na walioumia kama mimi huamua kwamba Hisabati ni somo la watu wengine. Miaka nenda rudi Hisabati imekuwa miongoni mwa masomo yenye ufaulu wa chini kabisa katika mtihani wa Kidato cha Nne. Sikubali kwamba sisi sote tuliofeli tulikosa kipaji.

Nililigundua kosa langu peke yangu, siku ya usafi wa shule. Kulikuwa na tangi nyuma ya jengo la utawala, na darasa letu la wanafunzi hamsini hivi liliamriwa kulijaza kwa ndoo za lita 20. Kila mmoja alibeba ndoo tatu, na tangi likawa limekaribia kujaa. Nilikuwa nimelisimamia nikilitazama, mabega yakiniuma, nikaona kwamba kimo chake kinanizidi kidogo na upana wake ni kama mikono yangu miwili iliyonyooshwa bila kufika mwisho. Lilikuwa tangi la kwenye jaribio, au ndugu yake. Ndoo 150 za lita 20 ni lita 3,000. Kwa jibu langu zingehitajika ndoo 1,540, yaani kila mwanafunzi abebe ndoo thelathini na moja hivi. Nilikimbilia darasani nikaitoa karatasi. Sentimita 70 ni mita 0.7, kwa hiyo 22/7 × 0.7 × 0.7 × 2 ni mita za ujazo 3.08, na kila mita ya ujazo moja ina lita 1,000: lita 3,080, ndoo 154. Kanuni ilikuwa sahihi tangu mwanzo. Nilichokosa ni kusoma kwamba kipimo kimoja kilikuwa kwa sentimita na kingine kwa mita, na kulitazama jibu langu kama kitu kilichopo duniani.

Kuanzia siku hiyo nilijiwekea utaratibu ambao nimeufuata hadi leo. Kabla ya kukokotoa chochote ninaliandika swali upya kwa Kiswahili, kwa sentensi zangu mwenyewe, huku kila namba nikiiandika pamoja na kizio chake. Kisha ninakisia jibu na kuliandika pembeni. Baada ya hapo ndipo ninaitafuta kanuni. Jibu likiwa mbali na makisio, sisongi mbele mpaka nijue ni lipi kati ya mawili hayo lililokosea. Huo ndio ushauri wangu wote, na mengine nitakayoyasema hapa chini ni huo huo umevaa nguo nyingine.

Chukua sayansi. Mama alihamia Uyole na mazoea ya Kyela, na katika mwezi wa kwanza alikuwa akigombana na muuzaji wa maharage kila wiki, akiamini anauziwa maharage yaliyokaa ghalani miaka miwili. Hayakuiva kwa wakati aliouzoea. Aliongeza mkaa, maji yakatokota kwa kishindo, maharage yakabaki magumu, na wateja wa mchana wakala wali na mboga za majani. Mimi darasani nilikuwa nimekwisha kujibu mara kumi kwamba maji huchemka kwenye nyuzi joto 100, na nilipata vema kila mara, lakini sikuwahi kuliandika swali hilo upya na kujiuliza: huchemka kwa 100, lakini wapi?

Maji huchemka pale kanieneo (nguvu ya msukumo kwa kila kizio cha eneo) ya mvuke wake inapolingana na kanieneo ya hewa iliyo juu yake. Ukipanda mlima, hewa iliyobaki juu yako ni kidogo, kanieneo inapungua, na maji hayahitaji joto kubwa kiasi kile ili yachemke. Kwa makadirio ya kutosheleza, kiwango cha kuchemka hushuka kwa nyuzi 1 kila unapopanda mita 300 hivi. Kyela iko karibu mita 500 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo huko maji huchemka karibu na nyuzi 98. Uyole iko karibu mita 1,800, na 1,800 ukigawanya kwa 300 ni 6, kwa hiyo hapa huchemka karibu na nyuzi 94. Maharage ya mama yalikuwa yanapikwa kwa joto la chini, na mkaa aliouongeza haukulipandisha joto la maji hata kidogo, bali uliyafanya yageuke mvuke upesi zaidi. Nilipomweleza hakuniamini, ila alikubali kujaribu. Akaanza kuyaloweka maharage usiku kucha, na sufuria ikishachemka akapunguza moto na kufunika vizuri. Gunia la mkaa likaanza kudumu, na ugomvi na yule muuzaji ukaisha. Hakuna cheti nilichowahi kupata kilichonifurahisha kama siku mama aliposema kwamba shule inasaidia.

Kuhusu aljebra na hesabu za kawaida nitasema jambo moja tu, nalo ni la Magazijuto, kwa sababu ninaona linawaangusha hata wanafunzi wazuri. Mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa: neno hilo ni msaada mkubwa, lakini wengi hulisoma kana kwamba kujumlisha kuna cheo kuliko kutoa. Wakipewa 10 − 4 + 3 wanajumlisha kwanza 4 na 3, wanapata 7, kisha wanatoa na kupata 3. Jibu ni 9. Kujumlisha na kutoa vina cheo kimoja, nawe hutembea kutoka kushoto kwenda kulia. Kama unataka kujumlisha kwanza, ni halali, ila alama ya kutoa isogee pamoja na namba yake, yaani 10 + 3 − 4. Mtu aliyeliandika swali kwa maneno (“nilikuwa na kumi, nikatoa nne, nikaongezewa tatu”) hawezi kulikosa.

Asilimia nazo zina mtego wake, na wakulima wetu wa viazi hunaswa nao kila msimu. Tuseme gunia la kilo 100 linauzwa shilingi 60,000. Mnunuzi anakuja na lumbesa, gunia limeongezewa kilemba hadi kilo 130, na analipa shilingi 60,000 zile zile. Mkulima amepunjwa asilimia ngapi? Wengi hujibu 30 papo hapo. Lakini bei ya kilo ilikuwa shilingi 600 na sasa ni shilingi 461 na senti kadhaa, na upungufu wa shilingi 138 hivi ukiugawanya kwa 600 ni kama asilimia 23. Hiyo 30 ni asilimia ya viazi vilivyoongezwa, na 23 ni asilimia ya bei iliyopotea. Kila uonapo neno asilimia, andika pembeni: asilimia ya nini?

Leo ninafanya kazi ya fundi sanifu wa maji, na miradi yetu mingi ya milimani ni ya maji ya mserereko, yaani yanayoshuka yenyewe kutoka juu bila pampu. Katika kijiji kimoja kamati ilitaka tangi kubwa zaidi kwa sababu maji ya bombani yalikuwa dhaifu. Tangi la zamani lilikuwa mita 6 tu juu ya bomba. Nilikaa na wazee tukaliandika swali upya: je, mnataka maji mengi, au maji yenye nguvu? Wakasema yenye nguvu. Kanieneo ya maji yaliyotulia hutegemea kimo cha maji hayo na si wingi wake: mita 6 zikizidishwa kwa 1,000 (kilo za maji katika mita ya ujazo moja) na kwa 9.8 (mvutano wa dunia) ni paskali 58,800, na mita 30 ni paskali 294,000, yaani mara tano. Tangi jipya likajengwa na ukubwa ule ule, ila juu zaidi kwenye mteremko. Siku bomba lilipofunguliwa na ndoo ikataka kumponyoka mama aliyeishika, nilimkumbuka mwalimu wangu, na sitakuficha, nilitamani awepo.

Ndiyo maana ninakerwa ninapowaona wanafunzi wa twisheni wakinunua majibu ya mitihani iliyopita na kuyakariri kwa usiku mmoja. Acheni tabia hiyo. Maswali matatu kwa siku yaliyoandikwa upya kwa maneno yako yanakufaa kuliko thelathini uliyonakili kwa rafiki. Karatasi yenye makosa usiichane, ihifadhi, na kando ya kila kosa andika kama ulikosea kusoma, kukokotoa, au kukumbuka kanuni. Mimi nilipohesabu ya kwangu mwaka ule, mengi yalikuwa ya kusoma. Wazazi nanyi mnisikie: mtoto akileta alama mbaya, msiulize kwanza amekuwa wa ngapi. Ulizeni swali lilisemaje.

Sasa tulitazame swali ulilotuma, mdogo wangu. Jiwe lenye tungamo la gramu 54 limezamishwa kwenye silinda ya kupimia, na maji yakapanda kutoka sentimita za ujazo 40 hadi 60, nawe unatakiwa kutafuta densiti ya jiwe, yaani tungamo lake kwa kila kizio cha ujazo. Umegawanya 54 kwa 60 ukapata 0.9. Liandike upya: jiwe limeingia, maji yamesogea juu, na kiasi kilichosogea ndicho ujazo wa jiwe. Kisha kisia. Densiti ya maji ni gramu 1 kwa sentimita ya ujazo, na jiwe limezama, kwa hiyo jibu lolote lililo chini ya 1 haliwezi kuwa la kweli. Maji yaliyosogea ni 60 kutoa 40, yaani 20, na 54 ukigawanya kwa 20 ni gramu 2.7 kwa kila sentimita ya ujazo. Kanuni uliyotumia ni ile ile uliyoishika.

Nami ninakupa lako la kufanya. Kimondo cha Mbozi hukadiriwa kuwa na tani 16, na sehemu yake kubwa ni chuma, ambacho densiti yake ni karibu kilo 7,900 kwa mita ya ujazo. Tafuta ujazo wake, kisha unieleze ni sawa na ndoo ngapi za lita 20. Nilipolifanya swali hilo mara ya kwanza nilikisia ndoo 400. Nitumie makisio yako kwanza, kabla ya kukokotoa, na jibu litafuata.