Kuwinda Texas: shamba la kukodi ama msitu wa serikali? Jibu langu kwa vijana wa Malindi na Lamu

Hili swali nimelijibu kwa voisinoti mpaka sauti yakauka, sa naliandika hapa mara moja, mtu akiniuliza tena namtumia linki basi. Vijana wetu walioko Houston na Dallas wataka kuwinda dia (wale kama kulungu wetu ila mkia mweupe), wamesikia mie nilikuwa nawinda kule kabla sijarudi kukaa Malindi, alafu wote waniuliza kitu kimoja: nikodi shamba la mtu ama niende ardhi ya serikali bure bure?

Kabla sijaenda mbali, walio huku nyumbani pia mtasoma kwa hivyo mnisikie vizuri. Kenya uwindaji ulipigwa marufuku 1977 na sheria ya wanyamapori ya 2013 haina mchezo, kwa hivyo habari ya paa wa Arabuko Sokoke ama kule Boni na Dodori toeni kabisa akilini. Waboni wenyewe, ambao kuwinda na kurina asali ndio yalikuwa maisha yao toka mababu, walilazimika kuacha, sembuse wewe wa Barani mwenye pikipiki. Yote ninayosema hapa chini ni ya Marekani, na hasa Texas.

Haya. Jambo la kwanza kulijua ni uko jimbo gani, manake watu husoma ushauri wa mtu wa Nevada wakaufuata wakiwa Texas. Nevada kama asilimia 80 ya ardhi ni ya serikali kuu, yaani watembea mpaka uchoke na hakuna wa kukuuliza, mtu wa kule akikodi shamba la kuwindia mie namshangaa. Texas ni kinyume chake, karibu asilimia 95 ya ardhi yote ina mwenyewe, na mwenyewe ana bunduki. Ndo maana kule kukodi ni kawaida kabisa, hata wazungu wa ofisini na mafundi wa mabomba wana shamba lao la kukodi, wachangia watu wanne watano.

Lakini ya serikali ipo na kwa anayeanza mie nasema aanzie hapo. Wakata leseni yako ya kawaida, ukishakaa Texas zaidi ya miezi sita wahesabiwa mkaazi na bei yake ni dola 25, la sivyo ni 315 na hiyo yauma. Juu yake waongeza kibali cha mwaka cha ardhi za umma, dola 48, ndicho kinakufungulia karibu ekari milioni moja jimbo zima. Kwa walio Houston kuna msitu wa Sam Houston, si mbali kwa gari, una ekari kama 163,000, na humo pia wahitaji hicho kibali. Dola 48! Hiyo hata hailipi mafuta ya mwezi.

Shida yake ni watu. Wikendi ya kwanza ya Novemba msimu wa bunduki ukifunguliwa, magari yamepangana kando ya barabara za msitu wadhani ni Maulidi Lamu, na kila mtu yuko na silaha. Sheria yakulazimisha kuvaa fulana na kofia ya rangi ya machungwa inayowaka, na hata ingekuwa si sheria ningevaa mpaka soksi. Hutakiwi kumwaga mahindi kuwavuta wanyama. Huwezi kujijengea dungu lako ukaliacha pale mwaka mzima kama chako. Sa dawa yake ni nini, dawa ni miguu na siku za kazi. Wengi wale hawaendi mbali na gari, wakiona tope wamekaa, wewe ukivuka kijito kimoja tu ukaenda nyuma kwenye vichaka vya karibu na maji wapata nafasi yako, na ukiwa na kazi ya shifti ukapata Jumanne ama Jumatano, msitu ni wako. Kule ndiko utajifunza kusoma nyayo, upepo watoka wapi, kinyesi cha leo na cha juzi. Kwenye shamba la kukodi hujifunzi hayo, wakaa kwenye kibanda wangojea fida (mashine ya kumwagia wanyama chakula) imwage mahindi saa kumi na mbili na nusu kisha wapiga. Mie siwalaumu wanaofanya hivyo lakini kuwinda kwake ni nusu.

Sa kukodi. Bei yake yategemea kaunti na mwenye shamba, mwingine ahesabu kwa ekari, mwingine kwa kila bunduki, yaani kila mwindaji, kwa mwaka, na huyo wa bunduki ndiye wa kumchunga sana. Manake utaambiwa shamba ekari 300, dola kadhaa kwa bunduki, waona rahisi, kumbe amewauzia watu kumi na wawili na kila mmoja ana shemeji na mtoto wa kaka. Swali la kwanza kabisa usiulize kuna dia wangapi, dia wako kila mahali Texas. Uliza tuko bunduki ngapi, na wageni waruhusiwa ama la. Hilo ndilo unalolipia, kutosumbuliwa. Nishakaa dunguni alfajiri ndani ya shamba nililolipia nikaona gari la mtu nisiyemjua laja taa ziko fuu, mwenye shamba akaniambia ati ni binamu yake. Basi.

Alafu maandishi. Sie watu wa pwani twapenda kuelewana kwa mdomo, twashikana mikono tumemaliza, kule usifanye hivyo hata kama mwenye shamba ni mzee mstaarabu akupa chai. Iandikwe ni mwaka mzima ama msimu tu, waweza kuja na familia, nani atengeneza geti na fida, ng'ombe wake wakiumia nani alipa, na akiuza shamba katikati ya mwaka pesa yako yaenda wapi. Atakupa pia karatasi ya kusema ukiumia usimshtaki, hiyo ni kawaida, isome tu kabla hujasaini.

Mipaka pia. Ukiona mti ama nguzo ya seng'enge imepakwa mstari wa rangi ya zambarau wima, hiyo Texas ni sawa na kibao cha usiingie, hata hakuna maandishi. Na mnyama uliyempiga akiruka ua akaanguka kwa jirani huwezi kumfuata bila ruhusa ya huyo jirani. Wengi hawalijui hili. Kwenye shamba dogo la kukodi, ekari 50 hivi, latokea sana, kwa hivyo siku ya kwanza nenda kamsalimie jirani, mpelekee hata mahamri, chukua namba yake.

Kwetu sie waislamu hilo ni zito zaidi. Watamka bismillah wapiga, ukimfikia yuko hai lazma umchinje, na ukichelewa kwa sababu wabisha hodi kwa jirani, ndo hapo masuali yaanza. Kwa mnyama aliyekufa kwa risasi kabla hujamfikia, ongea na shekhe wako kabla ya msimu, usinitumie mie picha ya nyama saa nne usiku. Na kuna hili la nguruwe. Texas nguruwe mwitu ni janga, wafukua mashamba ya watu, na toka 2019 hata leseni huhitaji kuwaua kwenye ardhi ya mtu mradi mwenyewe amekubali. Sa wenye mashamba wengine huweka sharti, ukikodi kwangu kila nguruwe unayemwona piga. Kumpiga ni jambo moja, kumbeba na kumchuna ni jambo jingine, mwambie mapema kwamba wewe hugusi ule mzoga na mwenzio ataubeba. Mie niliyekuwa nachangia naye shamba alikuwa mmeksiko, yeye akifurahia nguruwe, mie dia, hatukugombana hata siku moja.

Walio na viza za muda, wanafunzi hasa, sheria ya serikali kuu haiwaruhusu kushika bunduki ila kuna upenyo kwa mwenye leseni halali ya uwindaji. Usitegemee neno langu wala la mtu wa maskani, lipa wakili nusu saa.

Kwa hivyo ukiniuliza mie: uko Texas, mgeni wa mambo haya, msimu wa kwanza toa zile dola 48 uende msituni ukatembee. Ukiona umelipenda na una watoto wataka kuja nawe, ama wikendi ndo nafasi yako pekee, hapo tafuta watu wawili watatu wa kuaminika mkodi pamoja, shamba kubwa bunduki chache. Ukihamia Colorado au Nevada, achana na kukodi, nunua viatu vizuri.

Na lile darasa la usalama wa uwindaji, kila aliyezaliwa kuanzia tarehe 2 Septemba 1971 lazma awe nalo, na nyie wote mnaoniuliza mmezaliwa juzi. Kama umefika miaka 17 waweza kulifanya kwenye intaneti, tovuti ya Texas Parks and Wildlife, idara ya wanyamapori ya jimbo, yote iko pale, lifanye Agosti usingoje Novemba, na tafadhali msinipigie jioni ya kwenu kuniuliza ni wapi pa kubonyeza, huku ni alfajiri.