Usiikalie kimya barua pepe ya Mjerumani

Ndugu yangu wa Mbinga, nimekuelewa: mnunuzi wa kahawa wa Hamburg mlikubaliana kwa simu, kisha akakutumia barua pepe ya "kuthibitisha" yenye siku 60 za malipo ambazo hamkuzitaja, nawe hujajibu.

Jibu leo hii. Kwa sheria ya Ujerumani, mfanyabiashara akinyamazia barua ya namna hiyo, ukimya wake unaweza kuhesabiwa amekubali. Mimi yalinikuta: nilinyamaza kwa heshima, nikadhani tutaongea tukikutana, nikaishia kulipia usafiri ambao sikuukubali. Iliniuma sana. Andika kwa ufupi: "Siku 60 hatukukubaliana, tulisema 30." Hatakasirika. Wao kusema wazi si ugomvi.

Kisha tazama chini ya barua yake, utaona namba ya usajili wa kampuni, mara nyingi inaanza na HRB. Iingize handelsregister.de, tovuti ya daftari la makampuni la Ujerumani, ni bure tangu 2022, uone kampuni ipo na nani ana mamlaka ya kusaini.

Na tarehe ya meli ikiteleza, mwambie kabla hajauliza.

Kama mzigo ni kontena zima, mkataba ausome kwanza wakili anayejua mauzo ya nje, hasa kipengele cha mahakama ipi itaamua.