Muulize Fundi: Simba wa mlangoni McMillan

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mwanafunzi wa chuo, ninakaa Makadara. Juzi nilienda kusoma maktaba ya McMillan pale mjini. Jengo lile lilijengwa na nani, na wale simba wawili wa mawe ni wa nini? Nyanya yangu anasema zamani Mwafrika hakuruhusiwa kuingia. Ni kweli?
Mwanafunzi, Makadara

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Nyanya yako hajakosea. Maktaba ilifunguliwa 1931, na hadi 1958 ilikuwa ya Wazungu peke yao. Baba yangu alikuwa tarishi wa ofisi moja ya mjini, na mara nyingi alitumwa kupeleka bahasha hapo. Mwisho wake ulikuwa chini ya ngazi, kwa simba. Mwenye bahasha alishuka mwenyewe kuichukua.

McMillan alikuwa Mmarekani wa St. Louis, tajiri aliyepewa cheo cha "Sir" na Waingereza. Shambani kwake Juja ndiko alikofikia Theodore Roosevelt alipokuja kuwinda 1909. Alifariki 1925. Inasimuliwa kwamba alitaka kuzikwa kileleni Ol Donyo Sabuk, lakini trekta lililovuta jeneza likashindwa na mlima, wakamzika hapo lilipokwama. Kaburi liko huko hadi leo. Maktaba ilijengwa na mkewe, Lucie, ili kumkumbuka, akiongezewa fedha na shirika la Carnegie la Marekani. Mwaka 1938 ikatungiwa hata sheria yake yenyewe.

Sasa tuje kwenye mawe, maana hiyo ndiyo kazi iliyonilisha. Mtindo ule umetoka kwa mahekalu ya Wagiriki na Warumi: nguzo nene za itale mbele, baraza pana nyuma yake, na jengo zima limeinuliwa juu ya ngazi. Itale ni jiwe gumu, linakula patasi. Mawe ya kawaida ya Nairobi, yale ya kijivu tuliyojengea nyumba zetu, fundi mzuri anayachonga mengi kwa siku moja. Itale itakutoa jasho wiki nzima. Anayechagua jiwe kama hilo anataka uonekane uzito wa mfuko wake. Na ngazi nazo si za kuepuka mafuriko. Ni za kukufanya uinue shingo kabla hujafika mlangoni.

Simba nao ni desturi ya majengo kama hayo. Maktaba kubwa ya New York, iliyofunguliwa 1911, ina wawili wa marumaru mlangoni. Hawa wetu ni wa mtindo huohuo, ingawa kwa nyumba ya ukumbusho wa mtu aliyependa kuwinda, mimi huwa nacheka kidogo.

Wewe ukiwa Makadara, hukuwa na haja ya kupanda matatu hadi mjini. McMillan ina matawi mawili huko Eastlands: moja lipo hapo Makadara, jingine Kaloleni. La Kaloleni ni kijumba kidogo kisicho na ghorofa, ndani ya mtaa uliojengwa miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika, wenye nyumba za mawe na paa za vigae. Mtoto anaingia na vumbi lake la mpira. Shirika la Book Bunk, lililoanzishwa 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, limeyakarabati matawi hayo mawili kwa kushirikiana na kaunti. Kwa macho ya mwashi, nyumba ile ndogo imefanya kazi ya maktaba kuliko ile yenye nguzo, lakini usiwaambie watu wa mjini.

Ngazi za McMillan nilizipanda mara ya kwanza 1966, nikiwa na miaka kumi na miwili, nimefuatana na baba. Alipofika kwa simba alisimama, kwa mazoea. Ikabidi nimvute mkono.