Jibu: Kusafirisha cherehani ya zamani na meza yake

Ndugu, umeuliza kama Singer ya kukanyaga inaweza kusafirishwa ikiwa bado imefungwa mezani. Usithubutu! Kichwa, yaani mashine yenyewe inayokaa juu ya meza, ni chuma kizito. Kikitikiswa kinang'oa bawaba na kupasua mbao. Vua mkanda, kilaze kichwa nyuma, legeza skrubu mbili ndogo chini ya kitako chake zinazobana pini za bawaba, kisha kinyanyue. Sindano na bobini (kigurudumu cha uzi wa chini) zitoe. Gurudumu la mkono huvunjika upesi, lizungushie sponji nene, halafu kichwa kiingie boksi ndani ya boksi. Droo zisafiri peke yake.

Kama mashine imeganda, haizunguki, dondoshea mafuta ya taa kwenye matundu ya mafuta, subiri hata siku mbili, ndipo utie mafuta ya cherehani. Spiriti isiguse nakshi ya rangi ya dhahabu iliyo kwenye kichwa. Yangu ilifutika kwa dakika moja, mpaka leo inaniuma.