Kabla hujakwangua rangi ya zamani: kwa anayeanza kazi bandarini

Mtu akikupa mkebe wa zamani pale Malindi au Mkoani akakwambia ni redi oksaidi, usiufungue kwanza. Unyanyue. Unga wa redi oksaidi ni oksidi ya chuma, uzito wake ni kama mara 5 ya maji. Unga wa rangi nyekundu ya risasi, yaani ile metali nzito yenye sumu, unakaribia mara 9. Mkebe mdogo tu unakuvuta mkono kana kwamba umejaa misumari. Halafu tazama rangi yenyewe: redi oksaidi ina wekundu wa udongo, ile ya risasi inang'aa kama kile kinachobaki vidoleni ukibonyeza mbegu za mzingefuri.

Wazee hawakuipenda bure rangi hiyo ya risasi. Ikichanganywa na mafuta ya kitani, risasi na mafuta hushikana vikafanya namna ya sabuni inayokizuia chuma kisile kutu, hata palipo na chumvi. Daraja la Golden Gate kule Marekani, lililofunguliwa 1937, lilianza kupakwa hiyo kabla ya rangi ya juu. Mafundi wa vyombo waliifanya hata uji mzito wa kuzibia maungio. Kwa kazi ya kuzuia kutu ilikuwa rangi nzuri kweli, na ndiyo maana bado utaikuta chini ya matabaka manne au matano ya rangi mpya.

Hapo ndipo shida ilipo. Nilipokuwa mwanafunzi nilipewa grenda nisafishe vyuma ndani ya ngama, kule chini kabisa tumboni mwa chombo kimoja, siku tatu, kitambaa puani. Vumbi la rangi ya chungwa lilinijaa mpaka kwenye kope. Baadaye tumbo likawa linanikata, choo hakitoki, mdomoni ladha ya chuma, nikadhani ni chango na nikanywa dawa za chango. Hakuna aliyeniambia kuwa ile ni risasi, na mpaka leo naumia nikikumbuka kwamba nilikuwa narudi nyumbani na nguo zile zile nikampakata mdogo wangu. Mtoto huathirika kwa risasi kidogo sana, na inayomharibikia ni akili. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama.

Basi ukikuta wekundu ule, weka grenda chini. Lowesha maji, piga msasa wa maji au kwangua taratibu, tandika turubai ukusanye kila kipande. Kitambaa hakizuii vumbi hilo; tafuta barakoa ya vichujio. Usichomelee wala kukata kwa gesi juu ya rangi hiyo, moshi wake ni mbaya kuliko vumbi. Nawa kabla ya kula, na nguo za kazi zibaki kazini.

Ukipaka upya, praima (rangi ya kwanza ya chini) ya zinki fosfeti inatosha.

Na mbao za majahazi makuukuu! Wengine wanazifanya viti na meza, wengine kuni. Mbao yenye rangi ya zamani usiipeleke jikoni, hata kama mwenyewe anakupa bure. Mimi nikiiona imechanjwa karibu na jiko la mtu, naingia nikaomba niiondoe.