Jibu: Mtambo wa umeme au mabwawa kwa majitaka ya kijiji?
Ndugu, umeuliza kama kijiji chenye kaya chache kinunue mtambo wa umeme wa kusafisha majitaka au kichimbe mabwawa. Kama ardhi ipo, chimbeni mabwawa. Mtambo unataka umeme usiokatika na fundi wa kudumu. Ukizimika siku kadhaa, bakteria wanaokula uchafu wanakosa hewa na kufa.

Bwawa la kwanza liwe na kina cha mita 2 hadi 5, tope litulie humo na kuoza bila hewa. La pili, mita 1 hadi 2: mchana mwani (viumbe vidogo vya kijani vinavyoota majini) hutoa oksijeni, na bakteria wanaitumia bila nyinyi kulipia chochote. La tatu liwe la kina kifupi, takriban mita 1, ili jua lipenye na kuua vijidudu. Mayai ya minyoo huzama yenyewe yakipewa muda, kwa hiyo nawasihi msipunguze siku za maji kukaa humo, hata mkibanwa na nafasi.

Sakafu izibwe kwa udongo wa mfinyanzi, hasa penye visima karibu. Na kabla ya kuchimba, amueni kabisa nani ataondoa tope la bwawa la kwanza baada ya miaka michache, na litapelekwa wapi.